Kasoro ya Picha Imekaa Wapi? Kusaka Madoa, Mistari na Miraba Unapohariri

Kasoro moja ya picha yaweza kuwa na makao matano: mbele ya lenzi, ndani ya kamera, njiani kutoka kadi kwenda kompyuta, kwenye hatua zako za uhariri, au kwenye skrini tu, faili yenyewe ikiwa haina ila. Ukianza kuvuta slaida kabla ya kujua imekaa wapi, utailainisha ngozi ya bibi harusi mpaka iwe kama plastiki, na lile doa lingalipo. Majaribio manne yafuatayo hayamalizi dakika tano, na ndiyo yanayoamua usome kipande kipi hapa chini.

La kwanza: ikuze picha hadi asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha ikae kwenye pikseli moja ya skrini. Kasoro inayoonekana kwa asilimia 33 au 67 kisha ikatoweka kwa 100 haimo pichani. Ni programu inayoipunguza picha harakaharaka ili itoshe dirishani. Wengi hukwama hapa bure.

La pili: ondoa uhariri wote. Kwenye Lightroom bonyeza kitufe cha \ uone picha ilivyoingia. Kwenye darktable rudi mwanzo wa orodha ya historia. Kwenye Photoshop zima tabaka moja moja kwa kubofya alama ya jicho. Kasoro ikiondoka, washa hatua moja moja mpaka irudi, nawe utakuwa umemkamata mwizi akiwa na mali mkononi.

La tatu: toa faili ya JPEG, ihamishe kwa waya hadi kwenye simu, uitazame huko. Isipoonekana huko, faili haina ila, na kasoro ni ya programu au skrini yako. Usiitume kwa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huleta kasoro zake yenyewe na jaribio litaharibika.

La nne: kasoro ikiwa machoni pako, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, kisha ifungue kwenye simu. Ikionekana na huko, imechorwa na programu au kadi ya grafiki. Isipoonekana, lawama ni ya skrini au waya wake.

Anga limekatika vidato

Jua likichomoza baharini, ukilitazama kutoka Mama Ngina, Mombasa, ndilo mtego mkubwa kuliko yote. Anga la saa kumi na mbili asubuhi hubadilika rangi polepole mno, na JPEG ina viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi: nyekundu, kijani na buluu. Tuseme kipande cha anga kinatumia viwango 30 kati ya hivyo, na kimo chake pichani ni pikseli 3,000. Kila kiwango kitatandazwa juu ya pikseli 100. Ukiongeza kontrasti, tofauti kati ya kiwango na jirani yake inakua, na badala ya anga unaona ngazi. Faili ya RAW (data ghafi ya kamera) ya biti 14 ina viwango 16,384, kwa hiyo uivute vilevile na hutaona kitu.

Basi piga RAW, na uifungue kwenye biti 16 tangu mwanzo. Kwenye Photoshop ni Image, Mode, 16 Bits/Channel. GIMP ilipata uwezo huo kuanzia toleo la 2.10, lililotoka mwaka 2018, chini ya Image, Precision. Kama bado unatumia 2.8, ngazi hizo hutaziepuka. Kuibadilisha JPEG iwe ya biti 16 hakurudishi viwango vilivyokwisha kupotea. Kunasaidia tu vingine visipotee unapoendelea kuhariri.

Mteja akikuletea JPEG peke yake, dawa iliyobaki ni chenga, yaani vinukta vidogo vidogo (noise). Ongeza chenga kidogo, asilimia 1 hadi 2, aina ya Gaussian, isiyo na rangi. Au kwenye Lightroom weka Grain kati ya 10 na 15. Chenga huvunja mpaka kati ya kidato na kidato, na jicho linadanganyika. Ziongeze mwisho kabisa, baada ya kupunguza ukubwa wa picha, kwa sababu kupunguza kunazichanganya na kuzifuta. Halafu toa JPEG kwa ubora wa 90 au zaidi. Ubora wa 60 utazifagia chenga zako zote na vidato vitarudi kama havikuondoka.

Mchokozi mkuu wa ngazi hizi ni Dehaze, slaida ya kuondoa ukungu. Hewa ya pwani ina mvuke, upeo wa bahari huwa mweupe, na mkono unaenda wenyewe kwenye slaida hiyo. Ukipita 30 hivi juu ya anga, unaamsha mambo matatu kwa mpigo: ngazi, vumbi la kihisi (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) na giza la pembe. Ipake kwa brashi kwenye maji na majahazi tu, anga uliache.

Kabla hujailaumu picha, tengeneza faili tupu ya biti 16 yenye rangi inayotoka nyeusi kwenda nyeupe taratibu. Nayo ikionyesha ngazi, shida ni skrini. Laptopu nyingi za bei ya chini zina skrini za biti 6 zinazoigiza biti 8. Na kwenye faili zenye tabaka nyingi, Photoshop huchora nakala iliyopunguzwa ukiwa chini ya asilimia 100, kwa hiyo vidato vinaweza kuwa pale tu. Jaribio la kwanza ndilo litakalokuambia.

Ukuta wa Fort Jesus umevaa uzi mweupe

Ukuta wa matumbawe wenye giza, anga kali nyuma yake, na kati yao mstari mweupe kama mtu kauzungushia ukuta chaki. Tazama slaida zako: Highlights iko -100, Shadows +100, Clarity +60. Programu haijui ukuta ni nini na anga ni nini. Inachukua wastani wa mwanga wa eneo lililozunguka kila pikseli, kisha inaamua ipandishe au ishushe. Karibu na ukingo, wastani wa anga unachanganyika na giza la ukuta, programu inadhani anga hapo ni jeusi, inalipandisha. Huo ndio uzi.

Rudisha Highlights na Shadows ndani ya 50, na Clarity isizidi 20 kwenye picha yenye majengo na anga. Kama anga bado linawaka, lishushe mwanga kwa kinyago (mask, alama ya eneo linaloguswa) chake peke yake, ukihakikisha kinyago kinafika hadi ukutani. Kikiachia pikseli kumi, umejitengenezea uzi mwingine kwa mikono yako. Kunoa nako huleta uzi, ila mwembamba zaidi, wa pikseli moja au mbili. Radius iwe 0.8 hadi 1.0, na ukivuta Masking huku umeshikilia Alt utaona kwa rangi nyeupe mahali panaponolewa. Anga liwe jeusi kabisa.

Usichanganye uzi huu na zambarau kwenye makuti ya mnazi. Ule wa juu hauna rangi na huhama ukivuta slaida. Huu una rangi na unatoka kwenye lenzi. Kuna aina mbili na tiba zake ni mbali mbali. Ukiona nyekundu upande mmoja wa mlingoti na samawati upande wa pili, na hali inazidi kadiri unavyosogea pembeni mwa picha, weka alama kwenye kisanduku cha Remove Chromatic Aberration na itaondoka karibu yote. Kufunga tundu la lenzi hakusaidii aina hii. Lakini ukiona zambarau hata katikati ya picha, na kijani kwa vitu vilivyo nyuma ya fokasi, hiyo ni lenzi iliyofunguliwa sana, f/1.4 au f/1.8. Kisanduku kile hakiigusi. Tumia Defringe, uokote rangi yenyewe kwa alama ya kitonesha dawa ya macho (eyedropper) iliyopo pale, na safari nyingine funga hadi f/4. Angalizo: Defringe ya zambarau ikivutwa kwa picha nzima hula kingo za leso ya zambarau. Ipake kwa brashi.

Hina imefutika, maandishi ya leso yamekuwa miujiza

Kasoro hizi ni za siku hizi, na mhariri hugundua mteja akishapiga simu. Picha za usiku wa hina hupigwa kwa mwanga hafifu, ISO 3200 au 6400, zikajaa chenga. Kifaa cha kuondoa chenga huangalia kitu kidogo chenye tofauti ndogo na jirani yake, kikakiita chenga. Mstari mwembamba wa hina mkononi ndio huohuo. Luminance ikipita 40, vikonyo na majani ya hina yanayeyuka kuwa baka la kahawia. Ukijaribu kuokoa kwa Clarity, mkono unaonekana kama umevilia damu. Weka Luminance kati ya 15 na 25 kwa picha nzima, kisha kwa kinyago irudishe chini kwenye mikono na uongeze Texture kati ya 10 na 20. Chenga za rangi, zile za madoa mekundu na kijani vivulini, ziondoe bila huruma: Color 25 hadi 40 haigusi mchoro.

Vifaa vya akili mnemba vina hatari ya namna nyingine. Havifuti, vinabuni. Jina la leso likiwa dogo pichani, kila herufi ikiwa na kimo cha pikseli nane au kumi, kifaa hakina habari za kutosha, kwa hiyo hutengeneza vijiti vinavyofanana na herufi za lugha isiyokuwepo. Msomaji wa Mji wa Kale ataliona jina kabla hajamwona aliyeivaa leso. Ukishamaliza, kuza asilimia 200 ukague maandishi, meno, kope na darizi za kofia. Palipobuniwa, weka tabaka la picha ya awali juu na ufichue sehemu hiyo kwa kinyago, hata kama ina chenga. Herufi yenye chenga inasomeka.

Wenye kamera za Fujifilm zenye kihisi cha X-Trans hukutana na vijinyoo kwenye majani na ngozi, vidogo vilivyojikunja. Huletwa na jinsi Lightroom inavyozifasiri pikseli za kihisi hicho ikiongezewa kunoa kwa nguvu. Shusha Detail ya kunoa hadi chini ya 20, au tumia Raw Details (zamani Enhance Details), au fungua RAW kwa programu nyingine. Kwa kamera zenye kihisi cha kawaida, vijinyoo vikitokea, umenoa kupita kiasi tu.

Mistari ya giza inayokata ukumbi

Hii haimo kwenye programu hata kidogo, na kuitafuta huko ni kupoteza chakula cha mchana. Umeme wa Kenya ni wa 50 Hz, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kihisi kinaposomwa mstari kwa mstari, hasa kwa shata ya elektroniki, mistari mingine inasomwa taa ikiwa imewaka na mingine ikiwa imefifia. Kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde utapata mikanda. Kwa 1/100 au 1/50 kila mstari unapata mzunguko kamili, na mikanda inaondoka. Tumia shata ya kimekanika, na kama kamera ina kinga ya kupepesa, iwashe. Taa za LED za jukwaani zenye kupunguzwa mwanga, na skrini kubwa za LED, zina mapigo yake mengine kabisa, 1/100 haiziwezi. Fika mapema, jaribu kasi nne tano, ukuze picha kwenye kamera.

Kama picha zimeshapigwa, kila mkanda utahitaji kinyago chake cha mwanga na chake cha rangi. Picha tatu za familia zinastahili kazi hiyo. Picha mia nne hazistahili. Chagua zile zenye mkanda usiopita usoni, na zenye mikanda ya rangi zifanye nyeusi na nyeupe.

Mawimbi kwenye mabati, suti na wavu wa dirisha

Nusu ya malalamiko haya huisha kwa kukuza asilimia 100, kwa maana migongo ya mabati yakitazamwa kwa mbali hugongana na pikseli za skrini. Yakibaki kwa 100, na yana rangi ya upinde wa mvua, ni mawimbi ya kweli: nyuzi za kitambaa zimekaribiana kama pikseli za kihisi zenyewe. Lightroom ina slaida ya Moire kwenye brashi. Kwenye Photoshop nakili tabaka, litie ukungu wa Gaussian wa pikseli 15 hadi 20, badilisha hali ya mchanganyiko iwe Color, na ulifiche kila mahali isipokuwa kwenye koti. Rangi itaondoka. Mawimbi ya mwanga na giza yatabaki, na hayo hayana tiba nzuri. Wakati wa kupiga, sogea hatua moja mbele au nyuma, au funga lenzi hadi f/11 au f/16.

Madoa

Doa la kijivu lenye kingo laini, mahali palepale kwenye kila picha, linaloonekana kwa f/16 na kupotea kwa f/2.8: vumbi au chembe ya chumvi juu ya kihisi. Piga karatasi nyeupe kwa f/22 bila fokasi ulihakikishe, na kwenye Lightroom washa Visualize Spots. Ukiwa umeielekeza kamera kwako ili usafishe, kumbuka doa la juu pichani liko chini kwenye kihisi, lakini kushoto na kulia havigeuki. Chumvi haitoki kwa kupuliza, inataka kijiti chenye maji ya kihisi.

Nukta kali nyekundu, kijani au nyeupe, ya pikseli moja, kwenye picha za usiku za sekunde 30: pikseli zilizopata joto. Joto la Mombasa linaziongeza. Washa kipunguza chenga cha picha ndefu. Kamera itapiga picha ya pili gizani kwa muda uleule na kuzitoa nukta, kwa hiyo kila picha itachukua dakika nzima.

Weupe laini katikati ya picha, unaopungua picha baada ya picha: kamera imetoka chumba chenye kiyoyozi ikakutana na hewa ya nje, lenzi ikajaa mvuke. Usilishe picha hizo Dehaze, zipige tena. Kabla ya kutoka, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ikae nje nusu saa. Weupe usioondoka hata baada ya hapo ni koga ndani ya lenzi. Mulika tochi kupitia lenzi uone nyuzi zake.

Jua limekuwa waridi

Jua au taa kali imezungukwa na waridi, hasa kwenye darktable na RawTherapee. Pikseli za kijani za kihisi huwa za kwanza kujaa. Programu ikisawazisha rangi, inaziongezea nyekundu na buluu nguvu, lakini kijani haina tena pa kupanda. Nyekundu na buluu pamoja ni waridi. Washa kipengele cha kurejesha sehemu zilizojaa, na ushushe kizingiti chake kidogokidogo mpaka waridi igeuke nyeupe. Kwenye darktable hakikisha pia kwamba rangi haisawazishwi mara mbili, na moduli ya mizania ya nyeupe na ile ya urekebishaji wa rangi kwa pamoja. Programu yenyewe huonyesha onyo hapo.

Nusu ya picha ni kijivu

Ishara yake hasa ni hii: picha inaonekana nzima kwa sekunde moja, kisha nusu ya chini inageuka kijivu au inapata mistari ya rangi za ajabu. Ulichoona mwanzo ni JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya RAW. Kilichofuata ni RAW yenyewe, nayo imekatika. Acha kupiga kwa kadi hiyo, na usiiformati. Nakili faili ileile mara mbili kwa visomaji viwili tofauti, ulinganishe alama zake za utambulisho (hash): Windows, certutil -hashfile jina-la-faili SHA256, Linux, sha256sum. Nakala zikitofautiana, kadi huenda ni nzima na mbovu ni kisomaji, waya au kumbukumbu ya kompyuta. Zikiwa sawa, uharibifu umo kwenye kadi au ulitokea kamerani. Programu ya PhotoRec inaweza kuokoa faili zilizofutika, lakini haishoni iliyokatika. Kilichobaki ni ile JPEG ndogo ya ndani.

Kama picha za mwanzo ni salama na zote baada ya kiasi fulani zimeharibika, shuku kadi bandia, iliyoandikwa GB 128 na ndani ina 16. Ijaribu kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kuipeleka harusini, si baada.

Miraba myeusi, na rangi zilizopauka

Miraba inayotokea ukisogeza picha, vipande vinavyochelewa, brashi inayoacha pengo: kwenye Photoshop, Preferences, Performance, ondoa alama ya Use Graphics Processor, funga programu, ifungue tena. Kasoro ikitoweka, pata draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi ya grafiki, kisha urudishe alama. Usiiache imezimwa milele, kompyuta itatambaa.

Rangi kupauka kwenye simu ya mteja na kung'aa kwako ni kwamba umetoa faili ikiwa na Adobe RGB au ProPhoto, na programu inayoifungua haisomi profaili. Toa kwa sRGB, na profaili ibaki ndani ya faili.

Miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8 kwenye mashavu na anga ni JPEG iliyobanwa mno, au iliyohifadhiwa tena na tena. Rudi kwenye faili ya awali. Hakuna kichujio kinachorudisha kilichotupwa. Na kama uliituma safi ikafika na miraba, iambatishe WhatsApp kama dokumenti badala ya picha, itafika ilivyo.